Aproni ya Kuvaliwa, Si ya Kuwekwa Sandukuni

Mwaka ukielekea ukingoni, sisi watu wa magharibi mwa Kenya huanza kupanga safari ya nyumbani, na mtu hafiki kwao mikono mitupu. Kuna sukari, majani chai, mkate, leso ya mama. Mimi kwa miaka kadhaa sasa hubeba aproni nilizoshona na kuzirembesha mwenyewe hapa Kisumu. Katika kazi hiyo nimefikia msimamo ambao sitauacha: aproni ya zawadi isipovaliwa jikoni, jasho lote lililoingia humo limepotea bure, hata kama mshono umenyooka na maua yamekaa sawasawa.

Nasema hivi kwa sababu nimeliona sanduku la senje wangu. Senje ni dada ya baba, anaishi karibu na Luanda kule Vihiga, na ni mmoja wa akina mama ambao kijiji kikipata harusi au matanga huitwa kwanza, kwa maana anajua kusonga ugali wa watu mia mbili usiwe na madonge. Siku moja alivuta sanduku lililo mvunguni akitafuta blanketi la mgeni, nikaona aproni zimekunjwa humo, safi kabisa. Moja ilizungushiwa lesi nyeupe, nyingine ilikuwa na shanga kifuani. Zote alipewa zawadi.

"Senje, mbona huzivai?"

"Mwanangu, hizi si nitazichafua?"

Wakati huo alikuwa amejifunga leso kuukuu kiunoni, na upande mmoja cheche ilikuwa imeitoboa. Waliompa zile aproni walimpenda, sina shaka hata kidogo. Ila walitazama uzuri wa kitu, hawakuitazama kazi ya mtu.

Ndiyo maana kabla sijashika mkasi huwa naenda kumtazama mwenyewe akifanya kazi yake. Nina rafiki anayekaanga mgongo wazi Obunga. Kwa asiyeijua biashara hiyo: viwanda vya samaki hapa mjini hukata minofu ya mbuta, yaani sangara, ikasafirishwa nje ya nchi, na kinachobaki, yaani kichwa, mifupa na nyama iliyoshikilia hapo, hununuliwa na akina mama, wakakianika juani na kukikaanga kwa mafuta mengi. Mbuta mwenyewe si mwenyeji wa Ziwa Victoria, alitiwa humo miaka ya 1950 na 1960, lakini leo familia nyingi za Obunga zinasomesha watoto kwa mifupa yake.

Nilikaa kando ya karai la rafiki yangu asubuhi nzima nikamwangalia. Moto uko chini, kwa hiyo muda wote ameinama. Mtu akiinama, kifua cha aproni huachana na mwili kikaning'inia mbele, na chini yake ndipo mafuta yanapochemka. Tone la kwanza humrukia juu ya kifua, karibu na koo, pale ambapo aproni nyingi za dukani hazifiki. Mishipi ya kiuno ikiwa imefungwa nyuma kwa fundo kubwa la maua, ncha zake huteremka ubavuni kila anapogeuka kuchukua kuni. Nilipotoka pale nilikuwa na aproni yake kichwani: kifua kipandishwe juu, kamba za shingo ziwe fupi, upindo wa chini uishie juu ya magoti, na mishipi izunguke kiuno ifungwe mbele, ncha zichomekwe ndani.

Mama anayeparua magamba pale ufuoni Dunga anataka kitu kingine kabisa. Yeye amekaa kwenye kigoda, magoti yameachana, beseni liko katikati. Aproni nyembamba huzama katikati ya mapaja, na maji yote huingia kwenye gauni. Huyo mpe upana, hata sentimita 100 sehemu ya chini, ifunike magoti yote mawili na kubaki. Yuko mbali na moto, kwa hiyo unaweza kumtilia kwa ndani kipande cha ile plastiki ya kufunikia meza inayouzwa kwa mita. Kwa mtu wa karai plastiki hiyo ni hatari. Na anayepikia gesi akiwa amesimama wima, mtindo wa kawaida unamtosha.

Sasa kitambaa. Kisumu tuna Kibuye, na siku kubwa ya Kibuye ni Jumapili, wakati mitumba inapomwagwa chini na wauzaji kukauka koo. Watu hutafuta nguo. Mimi hutafuta mapazia na mashuka mazito ya pamba, pamoja na jinzi za wanaume zilizopasuka magotini lakini mapaja bado mazima. Pazia moja la pamba hutoa aproni kadhaa, na limeshafuliwa mara nyingi mpaka halirudi tena, yaani halisinyai. Kitambaa kipya cha dukani, drili au kitenge, lazima ukifue na kukianika kabla ya kukikata. Pamba mpya hurudi, na kitenge hujaa wanga unaokifanya kionekane kigumu kuliko kilivyo. Kianike kivulini, maana jua la Kisumu halina huruma na rangi.

Jambo la kufa na kupona hapa ni pamba. Vitenge vingi vya bei nafuu siku hizi ni poliesta tupu, na jicho linaweza kudanganywa. Chomoa uzi mmoja pembeni, uwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka ikinuka karatasi, ikaacha majivu laini yanayosagika vidoleni. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huacha kitone kigumu cheusi. Fikiria kitone hicho kikiwa cha moto na kimeganda kwenye ngozi ya mama aliyekwenda kukoroga mboga kwenye mafiga matatu. Muuzaji akikataa usichome uzi, nunua kwa mwingine.

Kila ninaponunua pamba ya mitumba iliyotoka ng'ambo roho huniuma kidogo, kwa sababu mji huu ulikuwa na kiwanda cha nguo cha Kicomi, na pamba ililimwa katika nyanda hizi za ziwa. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990 kiwanda kikaanguka, kama vilivyoanguka vingine vingi vya nguo. Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa 1976, nayo ilisimama mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Nikipata kitambaa kilichofumwa humu nchini hukitumia kwa aproni za watu wazima wa familia, na huwaambia kilikotoka. Wazee wetu waliowahi kupeleka pamba kwenye ushirika hukipapasa kwa namna ya pekee.

Kukata si kazi kubwa. Mita moja ya kitenge chenye upana wa kawaida wa sentimita 115 hivi inatosha aproni ya mtu mzima. Mwili uchukue upana wa 75 na urefu wa 88, kifua juu kibaki na 26 au 28, kisha pembe mbili za kwapa zikatwe kwa mviringo. Ule utepe unaobaki pembeni ndio unaotoa kamba, mishipi na mfuko mdogo. Ukitaka mfuko mpana, tafuta kitambaa cha ziada.

Kamba ya shingo ndiyo inayowashinda washonaji wengi, na sielewi kwa nini hawaitazami vizuri. Wao hushona duara moja la kupitishia kichwani. Haya, mama amefunga kilemba chake tangu alfajiri, au binti amesuka nywele ndefu juzi tu kwa pesa nyingi. Duara halipiti. Basi aproni inabaki msumarini. Shona kamba upande mmoja tu, na upande wa pili uweke kifungo kikubwa na matundu mawili ya kuchagua, la mtu mfupi na la mtu mrefu. Anaivaa kwa mkono mmoja bila kugusa kilemba.

Na kila mahali kamba inapokutana na mwili wa aproni, piga kisanduku cha mshono chenye msalaba katikati. Hapo ndipo aproni hung'oka kwanza. Mtoto huvuta, msumari huvuta, mama mwenyewe hufutia mikono akivuta. Punguza urefu wa mshono kwenye cherehani ukifika hapo, rudi nyuma, nenda mbele, ndipo ukate uzi.

Mifuko inanipendeza kuliko kitu kingine chochote, na kwa mfanyabiashara ndiyo moyo wa aproni. Mama mboga yeyote wa Kondele atakuonyesha: mfuko wa sarafu uwe mpana na wazi, mfuko wa noti uwe na zipu na ukae upande wa ndani, unaogusa tumbo. Simu siku hizi ndiyo kaunta ya duka, kwa hiyo inataka mahali pake. Ukiiweka chini itagonga beseni na kulowa. Iweke kifuani, yenye kifuniko na kifungo, isije ikachomoka anapoinama.

Kwenye mfuko huo wa simu ndipo nilipopata pambo ninalolipenda kuliko yote. Wauzaji wengi wana namba ya tili ya kulipiwa kwa M-Pesa, na huiandika kwenye boksi la katoni linaloloweshwa na mvua na kukanyagwa. Mimi huidarizi kwenye kitambaa cha kifuani, tarakimu kubwa za uzi mwekundu au wa bluu iliyokolea, kwa mshono wa mnyororo uliojaa. Mteja anaisoma akiwa amesimama, hana haja ya kuuliza. Pambo hilo linamlipa mwenyewe kila siku, na hakuna mama aliyeliweka sandukuni. Lishone kwenye kipande cha pembeni kwanza, kisha ukibandike juu ya mfuko, ili namba ikibadilika kipande kifumuliwe bila kuharibu aproni.

Katika kudarizi tusijifanye wageni. Ingia sebule yoyote ya Kakamega, Siaya au Nakuru uone makochi yamevikwa vitambaa vyenye tausi, vikapu vya matunda na waridi. Mama zetu walivishona jioni kwa taa ya mafuta, wakichorewa picha na jirani mwenye mkono mzuri kwa kalamu ya risasi. Ufundi upo mikononi mwa watu. Kinachotakiwa ni kuuhamishia kwenye nguo ya kazi kwa busara kidogo. Uzi wa kudarizi huja ukiwa na nyuzi sita zilizoshikana. Kwa kitambaa cha kochi watu hutumia mbili au tatu ionekane laini, lakini kwa aproni mimi hutumia tatu au hata nne, mshono mfupi, usiache nyuzi ndefu zinazoelea juu ya kitambaa. Nyuzi hizo hunasa kwenye mpini wa sufuria na kwenye kucha. Kabla ya yote, loweka kipande cha uzi mwekundu katika maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe. Ukitoa rangi, usiutumie hata kama umeupenda namna gani.

Tausi mzima kifuani simshauri mtu. Kifua hupokea mafuta na kiuno hupokea mikono yenye unga. Mapambo yanayokaa hapo yatachoka mapema, na mwenye aproni ataona uchungu kuyachafua. Pembe ya chini upande wa kushoto, mdomo wa mfuko, mkanda wa kamba, hayo ndiyo maeneo ya kupamba. Rangi ya aproni yenyewe iwe inayostahimili: bluu ya jinzi, kahawia, kitenge chenye michoro mingi iliyobanana. Doa la mchuzi likiangukia kitenge cha namna hiyo halionekani, na anayevaa hujisikia huru.

Jina la mtu ndilo pambo la pili ninaloliheshimu, lakini uliza kwanza anaitwaje kweli. Jina la kitambulisho halimpendezi mtu jikoni. Wengi ni Mama Fulani, kwa jina la kifungua mimba. Kwa upande wa Wajaluo, mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kwao alikozaliwa: Nyar Alego, Nyar Gem, Nyar Sakwa, binti wa huko. Nilipomshonea jirani aproni yenye "Nyar Sakwa" kwenye mdomo wa mfuko, aliisoma kwa sauti mara mbili, akaniita ndani nile samaki. Ameishi kwa mumewe miaka mingi, na bado kwa baba yake wanatajwa kila anapoitwa.

Leso nayo ina maneno yake tayari. Kipande kimoja cha leso ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na kina pindo pande zote, mji katikati, na jina lililoandikwa juu ya pindo la chini. Lete pindo la chini liwe upindo wa aproni, hutalazimika kupamba tena. Lile jina kwa kawaida ni refu kuliko kifua, kwa hiyo likate kama utepe ulitie kwenye mdomo wa mfuko mpana unaovuka aproni yote, kisha ugawe mfuko kwa mishono miwili ya kusimama. Chagua jina kwa makini. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, wenye alama ya Mali ya Abdulla, wamekuwa katika biashara hii tangu 1887, na Waswahili wa pwani tangu zamani wametumiana leso kusemeana yale ambayo mdomo hauyasemi. Huku bara watu huzisoma pia! Mama mkwe umpelekee "Nani kama mama" au "Wema hauozi". Ukimpelekea "Hasidi hana sababu" atakaa na swali moyoni mpaka Pasaka.

Nyanya anataka wajukuu. Pakaza rangi ya kitambaa kwenye kiganja cha mtoto kwa sponji, tabaka jembamba, ukibonyeze kwenye pamba isiyo na michoro, uandike jina la mtoto chini yake kwa sindano. Viganja vipangwe kwenye upindo wa chini kuanzia mkubwa hadi wa mwisho. Acha ikauke siku nzima, kisha piga pasi ya moto kwa upande wa ndani, au weka kitambaa katikati, ili rangi ishike isitoke kwa maji. Njia hiyo hiyo inafaa kwa muhuri wa kiazi: kata kiazi mbatata katikati, chonga samaki au jani, kausha maji yake kwa kitambaa kabla ya kuchovya, la sivyo rangi itachuruzika. Watoto wa nyumba nzima wanaweza kufanya kazi hii, na wanaifanya kwa bidii.

Kwa viraka vya kitenge vilivyokatwa maua au ndege, kumbuka kwamba cherehani nyingi za kanyagio tulizo nazo hupiga mshono mnyoofu tu. Kunja ukingo wa kiraka ndani nusu sentimita, upige pasi, ndipo ushone karibu kabisa na ukingo, au umalizie kwa mkono kwa mshono wa blanketi. Ukiuacha ukingo wazi, ufuaji wa kwanza utauchana. Shanga na vifungo vya urembo sivitumii. Uzi hukatika, shanga ikaingia kwenye sufuria, na mtu akaumia jino. Lesi inayoning'inia karibu na makaa siiungi mkono kwa sababu yoyote.

Aproni za kikundi ni habari nyingine. Akina mama wa kanisa au chama wanaopika kwenye matanga hupenda kufanana, na ni jambo jema: mwombolezaji anajua amwombe nani maji. Mshone zote kwa kitambaa kimoja, lakini kila moja ipewe alama ndogo ya mwenyewe kwa uzi wa rangi tofauti, maana baada ya kuosha vyombo aproni hutupwa rundo moja na kila mtu huchukua iliyo karibu.

Unapoitoa, itoe ikiwa imefuliwa. Najua watu wanapenda kitu chenye harufu ya dukani, lakini aproni iliyokwisha kuguswa na maji haiogopeshi. Mimi huifua, huipiga pasi, huiviringisha kwenye mwiko mpya na kuifunga kwa mishipi yake yenyewe. Mfuko hauendi mtupu. Natia majani chai, pakiti ndogo ya viungo vya pilau, au noti iliyokunjwa. Mara nyingi mwenyewe huivaa hapo hapo akitafuta kilicho ndani.

Kwa anayetaka kuanza mwaka huu, usingoje Desemba. Mafundi wa Kibuye wakati huo wamefunikwa na sare za shule za Januari, na huwezi kumlaumu fundi kwa kumtanguliza mtoto wa mtu. Kama huna cherehani, peleka kitambaa kabla Oktoba haijaisha, na kazi ya sindano ya mkono uimalize mapema: darizi kifua na mfuko vikiwa bado bapa, kabla havijaunganishwa. Mimi nimeanza na ya rafiki yangu wa Obunga. Ile ya kwanza imekwisha kabisa kwa mafuta, upindo umeungua mahali pawili, na ameniagiza kwamba safari hii mfuko wa simu uhamie kulia, kwa sababu mkono wa kushoto ndio unaoshika karai.